Pale Kati ya Goti na Kiuno

Mwaka ule tulikula mahindi ya njano. Ukimuuliza mtu wa rika langu hapa Kisumu jambo fulani lilitokea lini, hatakutajia tarakimu, atakuambia ilikuwa kabla ya mahindi ya njano au baada yake. Yaliletwa kutoka ng'ambo kwa sababu mvua ilikataa, na ugali wake ulinuka gunia lililolowa. Ukipoa uliweza kumfukuzia mbwa. Watu walisema ni chakula cha ng'ombe wa Wazungu. Wengine walisema unafunga kizazi, na wanawake waliusonga hivyo hivyo na kuzaa hivyo hivyo. Kitoweo kilikuwa omena, dagaa wa ziwani, na ukikosa omena ulinunua mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, nyama ikiwa imeshakatwa yote kupelekwa kwa watu wengine. Ndiyo watu walikuwa wameanza kuiita mgongo wazi. Tuliikaanga mpaka ikakauka, tukaifyonza. Mimi nilikula vyote hivyo na sikusikia ladha ya chochote. Kabla lori la kwanza la mahindi hayo halijafika Mamboleo nilikuwa nimemzika mtoto wangu, Ouma. Mambo ya nyumbani siyaandiki hapa. Hilo moja nalitaja kwa sababu watu waliendelea kuniita Mama Ouma, na mimi niliendelea kuitika.

Nimeanza kuandika haya kwa ajili ya Adhiambo, ambaye tumemzika juzi huko kwao Kisian. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, sahani ya wali na nyama mapajani, na nyuma yangu wanawake wawili wakaanza kunisema wakidhani masikio yangu yamekufa. "Si huyu ndiye alikuwa rafiki yake? Mbona hata halii?" Mwenzake akamjibu akiwa na mfupa mdomoni, "Huyo ni jiwe. Hata kijana wake alipokufa alikuwa hivyo hivyo." Sikugeuka. Walikuwa wanasema kweli, na nyama ilikuwa imeiva vizuri. Kando yangu alikuwa mjukuu wangu Achieng', binti mwenye shingo ya fahali mdogo, ambaye ananyanyua vyuma huko mjini katika chumba chenye vioo ukuta mzima, na ambaye picha yake akiwa na chuma juu ya kichwa nimeitundika sebuleni mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Akaniinamia akaniita bibi kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, "Dani, nimekwama." Nikadhani ni mambo ya mwanaume. Hapana. Ni chuma. Tangu Krismasi kuna uzito ambao ameshindwa kuupita, na wenzake wanamwambia atafute mtu wa kusimama nyuma yake, ashike chuma kidogo pale kinapokataa. "Anashika kwa vidole viwili tu, Dani." Nikamwambia vidole viwili ni vidole viwili. Akataka nimweleze, lakini pale matangani nisingeweza, mwimbaji alikuwa ameshika kipaza sauti. Basi namweleza hapa. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo mkono wangu umepinda. Achieng' atanyoosha herufi. Maneno nimemkataza kuyagusa.

Stoo niliyofanya kazi mwaka ule ilikuwa Mamboleo, pale njia zinapokutana, banda refu la mabati lenye mlango wa kuingiza lori. Ndani kulikuwa na vumbi la mahindi ambalo lilikaa hewani siku nzima bila kuanguka, na ukitoka jioni nyusi zilikuwa za njano. Lori kubwa zilileta mahindi, yakarundikwa sakafuni. Kazi yetu ilikuwa kuyatoa sakafuni na kuyapandisha kwa ubao mpaka juu ya lori ndogo za kwenda mashambani. Wanaume walijitwika. Mwanaume alilala kidogo juu ya gunia, akalikumbatia, akajipinda, na kilo tisini zikapanda begani. Sisi wanawake tulifanya kazi wawili wawili, mmoja anamtwika mwenzake, aliyetwikwa anapanda ubao, anarudi, wanabadilishana. Jozi yangu ilikuwa Adhiambo. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye mdomo, na mgongo wake ulikuwa umeanza kumsumbua hata kabla ya stoo. Na lazima mtu wa leo aelewe kwamba kwetu kumtwika mtu ilikuwa adabu. Ukimpita mwanamke anahangaika na mtungi kisimani ukamwacha, habari zako zitafika kwenu kabla wewe hujafika. Toka niwe msichana sikuwahi kupandisha mzigo mzima mpaka juu peke yangu. Nilivuta mpaka magotini, mkono wa mtu ukaja, mara nyingi mtu nisiyemjua jina, kisha mzigo ukawa juu. Huo mkono hata sikuwa nauona. Ulikuwa kama hewa.

Nyapara wetu aliitwa Bwana Oloo, mtu mkavu aliyevaa koti hata jua likichoma mabati. Asubuhi moja tulipokuwa tunakunywa chai ya rangi mlangoni, akaja akasimama mbele yetu wanawake. "Nyinyi watu wawili mnanifanyia kazi ya mtu mmoja. Sasa ni sawa, mahindi ni mengi. Lakini mashamba yakianza kuvunwa, lori zitapungua, na mimi sitaki tena jozi hapa. Mtu ajitwike mwenyewe ama aende nyumbani."

Nikamuuliza, "Na mwanamke akijitwika?"

"Akijitwika atakuwa ni mwanaume," akasema, na wapagazi wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

"Mimi nauliza kama atabaki."

Akanitazama vizuri, kama mtu aliyekuta mbuzi anaongea. "Atabaki. Hata nitamwita Bwana Ouma."

Wakacheka tena. Adhiambo akanifinya paja kuniambia ninyamaze, na mimi nilikuwa nimeshanyamaza. Sikukasirika. Mwaka ule hasira haikuwepo, ilikuwa imekwenda mahali pamoja na ladha ya chakula. Lakini niliitaka ile kazi, na si kwa ajili ya unga peke yake. Nyumbani kulikuwa na watu wa kunishika. Toka siku ya maziko walinishika makwapa nikisimama, wakanishika kiwiko nikienda chooni, wakanisogezea tonge mdomoni, wakaniosha mgongo, wakanipangusa machozi ambayo hayakuwepo. Walikuwa wema wote na siwasemi vibaya. Lakini ilifika mahali nilikuwa sijui kama miguu yangu inanibeba au ninabebwa. Stoo gunia halikunipa pole. Likikataa linakataa, likikubali linakubali. Nikaona kwamba wakinitoa pale nitarudi kwenye mikono ile, na kwamba safari hii sitatoka.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na yadi ya kuchomelea vyuma ya Mzee Luvai, Mragoli aliyewahi kuwa askari, akarudi na goti moja lisilokunja. Nyuma ya yadi alijenga chumba cha mabati, na humo vijana walikuja jioni kunyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe vilikuwa akseli za lori, na uzito wa pembeni ulikuwa gia kuukuu za trekta za miwa, alizozitoa Muhoroni kwenye takataka za watu. Chumba kilinuka grisi na makwapa. Ukutani hapakuwa na kioo wala picha, palikuwa na msumari wa kutundika mashati. Mwanamke hakuwahi kuingia pale isipokuwa mke wake akileta chai. Niliposimama mlangoni, vijana wakashusha vyuma.

"Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta Mzee Luvai. Nataka kujifunza kujitwika gunia."

Luvai akatoka na miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso. Hakucheka, hilo nampa. Akasema, "Basi hivi vyuma yangu haiwezi kukusaidia sana. Leta gunia." Nikaleta gunia tupu, akanionyesha kona, na mchanga ulikuwepo nje kwa sababu alikuwa anajenga. Nilianza na mchanga kidogo ambao hata mtoto wa shule angebeba. Nilikuwa nikipima kwa gorogoro, lile kopo ambalo kila mama sokoni anapimia mahindi, na kila nilipoona gunia limezoea mikono yangu niliongeza gorogoro moja. Adhiambo alikuja nami, akakaa juu ya tairi akila njugu, akinitolea maneno. "Angalia huyu. Analilia gunia kama ni bwana yake." Mwanzoni mwili ulinikubali upesi mpaka mimi mwenyewe nikashangaa. Nilishuka, nikavuta, likaja. Nikaongeza, likaja. Nikafikisha robo tatu ya gunia la kweli, na nikadhani hiyo robo iliyobaki nitaila kama nilivyokula zile tatu.

Nilipolifikisha uzito wa gunia zima, hapo ndipo likakwama. Lilitoka chini, likafika juu ya goti kidogo, likaning'inia hapo, likarudi chini. Kesho yake likafika palepale. Na siku iliyofuata. Mvua ndogo ikaja ikapita, watu wakapanda, mahindi yakatoka udongoni, yakafika kiunoni mwa mtu, na gunia langu bado lilikuwa linafika juu ya goti na kurudi. Sikuwa na huzuni, kama mnadhani. Nilikuwa nakwenda pale kila jioni kama mtu anayekwenda kuteka maji. Goti, chini. Goti, chini. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Kijana mmoja akasema nile mayai mabichi, mwaka ambao yai ulilisikia tu kwa jirani. Mwingine akasema nivute pumzi, rafiki yake akasema nitoe pumzi, wakagombana wao kwa wao mpaka nikaenda nyumbani. Mmoja akanikatia mkanda wa tairi nifunge tumbo, nikaufunga, ukanichubua. Luvai alisimama mbele yangu akipiga kelele za jeshi, "Kifua, mama! Kifua mbele!" Nikapeleka kifua mbele, mgongo ukalia, nikalala siku mbili nikiwa nimepinda. Jioni moja akachoka kuniangalia, akaja upande wangu akasema, "Wacha niguse kidogo tu, upate kuonja." Akaingiza vidole chini ya gunia, na gunia likaruka begani kwangu kama mto wa kulalia.

"Umeona? Kumbe unaweza."

Nikashusha. "Sijaona kitu, Mzee. Hilo ni gunia la vidole vyako."

"Mama, wewe ni mgumu."

"Ndiyo."

Akaenda zake, na kusema kweli alikuwa amekasirika, kwa sababu alikuwa ametoa alichokuwa nacho. Watu hawapendi kuona mtu amekwama. Wanaumwa wao kuliko wewe. Wewe umekwama tu, wao wana homa.

Baada ya hapo, jioni moja, bila sababu, gunia likapanda. Lilipita goti, likapita paja, likapita pale pote, likakaa begani. Vijana wakagonga vyuma kwa vyuma, Adhiambo akapiga kigelegele mpaka mke wa Luvai akaja mbio akidhani kuna mtu amekufa, na Luvai akanipa chai yake mwenyewe, yenye maziwa. Nikainywa. Usiku nikala ugali wa njano na mboga, nikakaa kitandani nikangoja nifurahi. Nilijitafuta ndani kama unavyotafuta kiberiti umeme ukipotea, unapapasa pale unapojua unakiwekaga, na mkono unarudi mtupu. Nikasema labda furaha itakuja nikifanya mbele ya nyapara. Basi asubuhi nikaenda stoo, nikamwambia Bwana Oloo aangalie. Wapagazi wakasimama. Nikashika masikio ya gunia la mahindi, nikavuta, na likafika pale pale juu ya goti, likaning'inia, likaanguka kwa kishindo, na vumbi likapanda. Halafu tanboi mmoja, yaani utingo, aliyekuwa amekaa juu ya lori akining'iniza miguu, akasema taratibu, "Bwana Ouma amezaa." Nadhani walicheka muda mrefu. Adhiambo akaja, akanitwika, nikapanda ubao. Tukafanya kazi siku ile nzima bila kuangaliana.

Jioni nikaenda kwa Luvai kabla vijana hawajafika, nikalitazama gunia langu la mchanga mdomoni. Kamba ilikuwepo, fundo lilikuwepo, ila fundo halikuwa langu. Mimi nafunga mara moja na kukaza. Lile lilikuwa limezungushwa na kuingizwa chini, jinsi wanavyofunga vikapu vya samaki huko Kisian. Nikafungua, nikapima mchanga kwa gorogoro, na mchanga haukufika.

Nilimkuta Adhiambo chumbani kwake, chumba kimoja nyuma ya duka la mafuta ya taa, amechuchumaa mbele ya jiko anakaanga mgongo wazi. Chumba kilijaa moshi. Palikuwa na kitanda, sanduku, na kalenda ya mwaka uliopita aliyoibakiza kwa sababu ya picha ya maua. Akaniona, akajua, akaendelea kugeuza samaki.

"Ulitoa mchanga."

"Nilitoa."

"Kwa nini?"

"Kaa kwanza. Ule."

"Adhiambo, kwa nini?"

Akaweka kijiko chini. "Kwa sababu ulikuwa hulii."

"Sikuwa na kitu cha kulilia. Gunia ni gunia."

"Ndiyo hiyo nasema. Ungelia ningejua la kufanya. Ningekuja nikushike. Toka tumzike Ouma umekauka kama hii samaki. Unakwenda pale, unavuta, linakataa, unavuta, uso wako haubadiliki hata kidogo. Mimi naogopa, nyamera, dada yangu. Nikasema basi huyu mtu apate kitu kimoja kikubali. Kitu kimoja tu."

"Ukaninyang'anya."

"Nilikupa!"

"Ulinipa gunia lako. Langu bado liko chini."

Samaki walikuwa wanaungua, nikainama nikaepua sufuria kwa upindo wa leso yangu. Tukala. Tulifyonza mifupa mmoja mmoja tukaipanga kwenye kifuniko, na katikati ya kula akasema kama anaongea na mfupa, "Mimi nitarudi Kisian. Mgongo umekataa. Nitauza samaki na mama yangu. Kwa hiyo usifikiri nilifanya ili tubaki jozi." Nikamwambia sikufikiri hivyo. Kisha akasema, "Pole." Nikamwambia asiniambie pole, nimeshiba pole. Akacheka kidogo, pua ikitoka kamasi kwa sababu ya moshi, au kwa sababu nyingine, sikuuliza.

Nilirudisha mchanga wote. Halafu kesho yake sikuvuta. Nilikaa kwenye tairi la Adhiambo nikalitazama gunia, na hapo nikajiuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza, kwa sababu kila mtu alikuwa na jibu tayari: linakwama wapi hasa? Si chini. Chini nilikuwa na nguvu. Si juu, likiwa begani ningetembea nalo mpaka Kisian. Nikasimama, nikalivuta polepole mpaka likakataa, na badala ya kupigana nalo nikatazama lilipo. Lilikuwa kati ya goti na kiuno. Nikasimama hivyo nikitetemeka, nikatambua mahali pale. Pale ndipo mkono wa mtu ulikuwa unaingia. Toka mtungi wa kwanza wa utoto wangu mpaka gunia la mwisho la jana, pale hapakuwa pangu. Mwili wangu ulikuwa na nguvu za chini na nguvu za juu, na katikati ulikuwa na shimo lenye ukubwa wa mikono ya watu. Mayai mabichi yangefanya nini hapo? Kelele za Luvai zingefanya nini? Wao hawakuwa na shimo hilo, hakuna aliyewatwika tangu wakiwa wavulana, basi wangelionaje?

Nikamwaga mchanga. Nikarudi nusu gunia, mwenyewe, mbele ya vijana wote, na usidhani ni jambo dogo kurudi nyuma hadharani. Mchanga niliopunguza mimi nilijua uko wapi na utarudi lini, hiyo ndiyo tofauti. Kila jioni nikavuta ile nusu mpaka mapajani, nikachuchumaa nalo hapo, nikakaa. Sikulipandisha. Nilikaa nalo mahali palipokuwa si pangu mpaka miguu ikaungua, nikalishusha, nikapumzika, nikakaa nalo tena. Vijana walipata cha kusema. "Mama Ouma analalia mayai." "Atatotoa lini?" Nikawaacha. Nikaumwa malaria, nikalala, nikarudi, na ajabu yake nikakuta miguu imepata kitu wakati nimelala, kama kwamba ilikuwa inangoja nimalize kuisumbua. Nikaongeza gorogoro. Nikakaa nalo. Ikafika siku, gunia likiwa limerudia uzito wake wote, nikiwa nimechuchumaa nalo mapajani, mikono yangu ikaacha yale masikio yenyewe, ikateremka, ikalikumbatia gunia chini kwenye makalio yake, kama unavyombeba mtoto aliyelala. Hakuna aliyeniambia. Nikasukuma kwa kiuno, si kwa mgongo. Likapita. Nikalishusha, nikatazama fundo mdomoni mwa gunia, lilikuwa langu.

Achieng', sikuambii hili liliniponya. Ukisikia mtu anasema alibeba vyuma akapona msiba, mwangalie usoni. Mimi ganzi haikutoka, iko nami mpaka leo na tumezoeana. Lakini ndani ya ile ganzi nilipata mahali pamoja ambapo ningeweza kuweka kidole na kusema, hapa ni mimi. Huyo mtu wako wa vidole viwili hana nia mbaya. Luvai hakuwa na nia mbaya, na Adhiambo alinipenda kuliko watu walionizaa. Ila anaposhika chuma chako pale kinapokataa, anafunika pale unapotakiwa kupaona. Ukitaka kujifunza kushika, muulize mtu. Ukitaka kujua kula, muulize mtu. Ukikwama, kaa hapo. Punguza mwenyewe, tazama mwenyewe, na ukae hapo muda mrefu kuliko unavyotaka. Hapo ulipokwama ndipo mwili wako unakuonyesha shimo lake, na haumwonyeshi mtu mwingine.

Siku ya jozi kuondolewa ilikuja kama siku nyingine. Sokoni mahindi meupe mabichi yalikuwa yameanza kuchomwa, moshi wake ukaingia mpaka ndani ya stoo, na watu walikuwa wanatema mate kwa hamu. Lori lilikuwa moja tu. Bwana Oloo akasimama mlangoni na koti lake akasema wanaojitwika wapite kushoto. Wanaume wakapita. Wanawake wakaanza kukunja leso zao, wengine wakicheka, walikuwa wameshajipanga kwenda. Adhiambo alikuwa amekuja na kikapu chake tayari, basi la Kisian likimngoja, lakini akasema atanisindikiza kwanza. Nikapita kushoto.

"Mama Ouma, umesahau njia?" akasema Bwana Oloo.

"Sijasahau."

"Haya. Mtu asicheke. Wacha tuone."

Nikaenda kwenye rundo. Sikuchagua. Nikalala kidogo juu ya gunia lililokuwa karibu, nikashika masikio, nikalivuta. Likatoka sakafuni, likafika goti, likapita goti, likakataa. Nikachuchumaa nalo. Lilikuwa zito kuliko la mchanga, mahindi yanahama ndani, yanakimbilia upande mmoja kama watu kwenye mtumbwi. Nikakaa nalo mapajani nikilingoja litulie. Jinsi nilivyokuwa nimeinamisha uso niliona miguu tu: viatu vya Bwana Oloo, ndala za tanboi, na miguu ya Adhiambo iliyopasuka visigino, ikija. Watu wa kwetu hatuwezi. Ukiona mwenzako amechuchumaa na mzigo mkono unatoka wenyewe. Nikauona mkono wake unaingia chini ya gunia, pale kati ya goti na kiuno, vidole vimeshakunjwa tayari.

"Toa mkono, nyamera. Hili najitwika mwenyewe."

Mkono ukasimama hewani.

"Msaidie huyo mama," akasema Bwana Oloo kutoka mlangoni, na sauti yake haikuwa na dhihaka. "Msaidie tu, tutasema amejitwika. Lori linangoja."

Mkono haukurudi wala haukusogea. Nikaachia masikio. Mikono yangu ikateremka, ikakumbatia gunia chini, nikaweka shavu juu ya katani yake iliyonuka njano, na nikasukuma kwa kiuno. Halikuja. Nikakaa. Nikasukuma tena, na likapita pale, polepole, kama ng'ombe anayepita mlango mwembamba, tumboni, kifuani, begani. Nikasimama. Hakuna aliyegonga chuma wala kupiga kigelegele. Nikapanda ubao, nikalitupa ndani ya lori, nikashuka. Bwana Oloo alikuwa anatazama nje barabarani kama mtu anayehesabu mbuzi wa wengine. Wanaume walikuwa wameshaanza kazi, kwa sababu lori lilikuwa kweli linangoja, na mmoja akanipisha njia bila kunitazama, jinsi wanavyopishana wao kwa wao.

Nikarudi kwenye rundo, nikainamia gunia la pili. Adhiambo alikuwa bado pale na kikapu chake mkononi. Akakiweka chini, akapangusa viganja kwenye sketi, akachuchumaa mbele yangu na mikono yote miwili wazi, na safari hii alikuwa analia.

"Toa mkono, nyamera. Hili najitwika mwenyewe."